Mkuki wa Kaimu

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote, na msomaji atakayedhani anaifahamu atakuwa amejishitaki mwenyewe. Mimi nilikuwa Mpiga Mbiu wa Serikali, Daraja la Pili. Nilikuwa na kofia ya manyoya ya jogoo na tarumbeta ya shaba, na kwa miaka kumi na tisa sikutangaza hata neno moja lisilo na mhuri. Nayasema haya mapema ili nisije nikalaumiwa. Kazi yangu ilikuwa kupuliza, si kutunga.

Mambo yalianza na jino. Mtukufu Kiongozi wetu alikwenda ng'ambo kung'olewa jino, na wenyeji wake, walipokuwa wanamtafutia daktari wa hadhi yake, wakampeleka kutazama ngome ya kale. Mle ndani aliona nguo za chuma zimesimama zenyewe bila mtu. Akaona na picha ya mpanda farasi mwenye mkuki mrefu, na kwenye ncha ya mkuki kimefungwa kitambaa cha mwanamke. Akaelezwa kuwa hapo zamani mabwana wale walipigana hadi kufa kwa ajili ya heshima ya bibi waliyempenda kwa mbali bila kumgusa. Mtukufu alirudi nyumbani na jino lake lile lile, akaenda moja kwa moja redioni.

"Wananchi," alisema, "nimegundua kwa nini hatuendelei. Hatuna mapenzi."

Wiki haikuisha, mawaziri na wakurugenzi wote, jumla yao arobaini, wakawa Mashujaa wa Mkuki Mrefu. Wakaagizwa farasi tisa. Mbung'o waliwamaliza saba kabla ya Idi, na wawili waliobaki waliliwa na kikosi cha kuwalinda, katika mazingira ambayo bado yanachunguzwa. Serikali haikutetereka. Ulitoka waraka kwamba farasi atahesabiwa yupo. Mimi nilikuwa natangaza, "Farasi yupo!" na mpiganaji anatoka mbio kwa miguu yake huku akipiga kwato kwa ulimi. Akisahau kupiga kwato, anarudishwa aanze upya.

Deraya, yaani zile nguo za chuma, zilitengenezwa kwa mabati ya shule za wilaya tatu. Watoto wa wilaya hizo sasa wanasoma penye mwanga wa kutosha, na wizara husika imejipongeza.

Halafu ikaja Sheria ya Mapenzi ya Heshima. Kila Shujaa achague Mpendwa, naye awe mke wa mtu. Asimguse. Aheme kwa huzuni Jumatatu na Alhamisi mbele ya shahidi. Achukue kanga ya huyo Mpendwa aifunge kwenye mkuki, na mara mbili kwa mwaka imwagike damu kwa ajili yake, isiyopungua kibaba kimoja. Isipomwagika, mapenzi yanahesabiwa yamekwisha muda wake. Kwa kazi hiyo aliteuliwa Mpima Damu, mzee mwadilifu aliyehamishwa kutoka Idara ya Vipimo vya Nafaka, akaja na kopo lake la kibaba lile lile alilokuwa anapimia mahindi.

Mtaona kuna jambo dogo la kuhofia hapo. Mashujaa wetu ni watu wenye majukumu, na mtu mwenye majukumu hawezi kuchomwa mkuki katikati ya mwaka wa serikali. Mwanasheria Mkuu akalitatua kwa Waraka Namba Saba. Kila Shujaa ataruhusiwa kutuma kaimu, na kaimu huyo awe mtu aliye karibu zaidi na Mpendwa, maana ndiye mwenye uchungu naye. Mtu aliye karibu zaidi na mke wa mtu, kwa utafiti wa serikali, ni mumewe.

Hivyo basi waume wakawa wanapigana kwa ajili ya wanaume wanaowapenda wake zao. Kila akitendacho kaimu, ilisema ibara ya nne, amekitenda Shujaa, na damu ya kaimu ni damu ya Shujaa.

Jumapili ya kwanza walikufa kumi na mmoja. Mwalimu mmoja wa hesabu alichomwa kooni kwa ajili ya heshima ya mkewe, aliyekuwa anapendwa na Shujaa wa Uvuvi. Alikaa chini taratibu, akashika shingo kwa mikono miwili kama anayezuia mtungi usimwagike, na damu ikapita katikati ya vidole. Shujaa wa Uvuvi hakuwepo, alikuwa kwenye warsha. Alipopata habari kuwa amekufa kwa ajili ya mapenzi alipewa likizo ya majonzi ya wiki mbili. Mwoka mikate mmoja alipigwa rungu la kichwa hadi chapeo yake, ile kofia ya chuma, ikabonyea ndani na haikutoka tena, akazikwa nayo. Siku ya tatu mjane aliandikiwa barua akumbushwe kuwa chapeo ni mali ya umma.

Niliyatangaza yote hayo kwa sauti nzuri. Watu walinisifu sana.

*

Sasa nifike kwa Sikudhani.

Sikudhani hakuwa mrembo wa kusimamisha magari. Magari yetu husimama yenyewe. Alikuwa mama wa watoto watatu, mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa wake, na mumewe Mbaruku alikuwa fundi bati. Huyu Mbaruku ndiye aliyekuwa akitengeneza majiko na ndoo za nusu ya mji, na baada ya sheria kutoka, ndiye aliyetengeneza deraya.

Siku moja Sikudhani alikwenda Wizara ya Maji na ndoo tupu kichwani, akasimama getini tangu asubuhi. Shujaa wa Maji, Mheshimiwa Bwakila, alikuwa dirishani akitafuta Mpendwa, kwani mwisho wa kujaza fomu ulikuwa saa nane. Akateremka. Walinzi wawili wakamsaidia kupiga magoti.

"Ewe uliye mbali nami kama mwezi!" alisema Mheshimiwa. "Tangu nikuone, usingizi umenihama na chakula hakipiti!"

Sikudhani alimtazama, akatazama na tumbo lake.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Mimi nimekuja kuuliza habari ya maji. Mwezi wa nne sasa bomba halitoi hata tone."

"Sauti hiyo!" Mheshimiwa aliwageukia walinzi. "Mmeisikia? Inatiririka!"

"Ningefurahi kitiririke kitu kingine, Mheshimiwa."

Akaandikwa. Kanga yake mojawapo ikachukuliwa kwa stakabadhi. Kabla ya chakula cha mchana habari zilimfikia Shujaa wa Barabara, Mheshimiwa Sengondo, ambaye hajawahi kukubali Bwakila awe na kitu ambacho yeye hana. Saa saba na nusu alitangaza kuwa anampenda Sikudhani tangu jana yake.

Mashujaa wawili, Mpendwa mmoja. Haya ndiyo mapigano ambayo Mtukufu alikuwa akiyaota tangu kule ngomeni, akaagiza yafanyike siku ya sherehe za taifa. Lakini kila mmoja alikuwa na haki ya kaimu, na kaimu wa wote wawili kwa mujibu wa waraka alikuwa Mbaruku. Haiwezekani mtu apigane na nafsi yake, japo wapo waliopendekeza ijaribiwe.

Mwanasheria Mkuu alijifungia siku tatu. Alitoka macho mekundu, amefurahi. Mbaruku angemkaimu Sengondo. Kwa upande wa Bwakila angetafutwa mtu wa pili kwa ukaribu. Na baada ya mumewe, ni nani aliye karibu na Sikudhani? Ni Sikudhani. Baraza zima lilisimama kumpigia makofi.

*

Barua niliipeleka mimi. Niliwakuta kwenye karakana yao, Mbaruku anagonga bati, mkewe anamshikia upande wa pili.

"Karibu, Bwana Mbiu," Mbaruku alisema. "Leo unatupulizia nini?"

Nikasoma. Nyundo ikasimama.

"Soma tena hapo penye majina," alisema.

Nikasoma tena. Sikudhani aliweka bati chini.

"Yaani mimi nipigane na Baba Siwema kwa ajili ya heshima yangu mimi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Nikishinda?"

"Mheshimiwa Bwakila atakuwa ameshinda."

"Nikifa?"

"Mheshimiwa Bwakila atapata likizo."

"Na tukikataa wote wawili?"

Nilitafuta ukurasa. "Mkimaliza mizunguko mitatu bila mmoja kuanguka, wapiga mishale wa akiba watawamaliza wote wawili pale pale."

"Na watoto wangu watabaki na nani?"

"Watoto hawakutajwa, mama." Nakiri nilidhani hilo ni jambo jema.

Sikudhani hakulia. Alimgeukia mumewe, akasema kwa sauti ya mtu anayepanga zamu za kuteka maji, "Basi mmoja abaki. Abaki baba. Wewe una ufundi mikononi, watakula."

"Acha maneno hayo, Mama Siwema."

"Nimeshasema. Mzunguko wa tatu mimi naangusha mkuki, wewe unamaliza. Usinifanye nife mara mbili kwa kunibishia."

Mbaruku aliokota nyundo yake, akaendelea kugonga. 

Siku mbili baadaye nilirudi kukagua deraya kwa niaba ya Wizara ya Mapenzi na Silaha. Ya Sikudhani ilikuwa kazi ya ajabu. Kifua mabati mawili, mbavu mabati mawili, hata shingoni fundi amezungushia mkanda wa chuma cha pipa, na kifuani kaibandika nembo ya Wizara ya Maji kama kanuni zinavyotaka. Kisha nikaikagua ya Mbaruku mwenyewe. Chini ya kwapa la kushoto hapakuwa na bati. Palikuwa na karatasi ya gunia iliyopakwa rangi ya fedha.

"Fundi, hapa umesahau bati."

"Sijasahau."

Mkewe alikuwa nje, anawaogesha watoto kwa maji ya kikombe. Mbaruku aliifunika ile karatasi kwa kiganja.

"Bwana Mbiu, wewe si hutangaza kilicho na mhuri tu?"

"Naam."

"Hili halina mhuri."

Nikatia tiki kwenye fomu. Nimeapa kusema kweli na hii ndiyo kweli yenyewe: ningeweza kumwambia yule mama, na sikumwambia. Nilijiambia si kazi yangu.

*

Uwanja ulijaa. Mtukufu alikaa chini ya mwavuli, na Mashujaa arobaini walipangwa jukwaani ndani ya deraya zao za sherehe, nyepesi kama makopo ya biskuti kwani hakuna aliyetegemea ziguswe. Bwakila na Sengondo walikaa mbele, kila mmoja na soda yake na mrija.

Wale wawili wakaletwa katikati. Kanga ya Sikudhani ilikuwa imekatwa mapande mawili, pande moja kwenye mkuki wake, jingine kwenye mkuki wa mumewe. Kabla hawajafunga chapeo nilimsikia mama akisema, "Baba Siwema, usinifanyie ujanja."

"Ujanja gani? Mimi fundi bati tu."

Nikapuliza. "Farasi yupo!"

Mzunguko wa kwanza walipishana, wakipiga kwato kwa ulimi, mikuki imeelekea juu. Watu hawakucheka. Mzunguko wa pili mkuki wa Mbaruku uligusa ngao ya mkewe kwa adabu, kama mtu anayepiga hodi. Jukwaani walianza kupiga miayo.

"Heshima yangu inachelewa!" Bwakila alipaza sauti. "Fanyeni kama mnavyofanya nyumbani!"

Wapiga mishale wakaweka mishale kwenye pinde. Nikapuliza mara ya tatu.

Niliona kwa macho yangu. Sikudhani alikuja mbio na yale mabati mawili mawili, mzito, hawezi kusimama hata angetaka, na njiani akaanza kuupindisha mkuki wake pembeni ili auangushe. Mbaruku hakukimbia mstari ulionyooka. Aliifuata ile ncha. Kila mkewe alipoipindisha, naye alipinda, kisha akanyanyua mkono wa kushoto juu kama mtu anayeaga, na mkuki ukaingia chini ya kwapa hadi kwenye pande la kanga. Uzito wote wa mkewe ulikuwa nyuma ya mkuki huo. Tulisikia mbavu. Uwanja mzima ulisikia.

Alianguka kwa magoti, akamshika mkewe kiunoni. Damu ilimtoka mdomoni ikajaa ndani ya chapeo na kuchuruzika kwenye matundu ya macho. Alisema, "Wewe ndiye wa kubaki," akasema na jingine ambalo halikutoka, halafu akalala ubavu.

Sikudhani alipiga ukelele ambao sitaki kuueleza.

Mpima Damu alikwishafika na kopo. Alikinga kwa uangalifu, akaliinua kwenye mwanga, akatikisa kichwa. Damu nyingi ilikuwa imenywewa na mchanga.

"Kimepungua vidole viwili," alitangaza. "Kaimu aliyebaki atajazia." Akatoa wembe. "Nyoosha mkono, mama. Ni kidogo tu."

Sikudhani alivua chapeo. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Baba, nikuulize. Damu ya kaimu ni ya nani?"

Mzee hakuwa na hakika, akamtazama Mwanasheria Mkuu. Mwanasheria alisimama upesi, kwani ni nadra mwananchi kumwuliza jambo.

"Ni ya Shujaa mwenyewe!" alisema. "Ibara ya nne!"

"Kwa hiyo inayotakiwa hapa ni ya Mheshimiwa Bwakila."

"Kisheria, naam. Kabisa."

"Na yeye si yule pale amekaa?"

Mwanasheria alianza kupekua waraka wake. Sikudhani alikanyaga ubavu wa mumewe kwa upole, akauchomoa mkuki, akapanda ngazi za jukwaa. Walinzi waliiona nembo ya Wizara ya Maji kifuani, wakampigia saluti kama walivyofundishwa.

"Mpendwa wangu," alisema Bwakila, akiweka soda chini, "hatimaye umenijia."

Mkuki ulipita bati, ukapita tumbo, ukapita mgongo wa kiti. Mheshimiwa aliutazama kwa uso wa mtu aliyeombwa karatasi aliyoiacha nyumbani. Alijaribu kuuvuta, mikono ikateleza. Matumbo yakaanza kutoka pembeni ya bati, na alikuwa anayarudisha ndani kwa kidole kimoja kimoja, akisema, "Jamani, jamani," mpaka aliponyamaza. Mpima Damu alipanda ngazi mbio kwa umri wake ule, akakinga.

"Kimejaa!" alipaza sauti.

Sikudhani alimgeukia Sengondo.

"Simpendi!" Sengondo alipiga kelele. "Naapa, sijawahi kumpenda! Nilijaza fomu tu!" Akaruka kwa nyuma ya jukwaa. Alitua kwa kichwa, na uzito wa chapeo ukamvunja shingo. Mpima Damu alipomfikia hakukuta hata tone la kukinga, akasikitika. Hapo Mashujaa thelathini na wanane waliobaki wakasimama wote kwa pamoja, kila mmoja akitafuta uso wa Mpendwa wake katikati ya umati. Wake za watu walikuwa wamesimama kimya, wanatazama. "Hata mimi wangu simpendi!" alilia mmoja. "Mimi niliacha tangu Pasaka!" Wakavua deraya wakizirushiana, wakakanyagana ngazini, na wawili kati yao walikufa humo kwa kukosa hewa.

Mtukufu alikuwa anapiga makofi. Alidhani ndivyo ratiba ilivyoandikwa.

Yule mama alikuwa amerudi mchangani. Alifungua kipande cha kanga kwenye mkuki wa mumewe, akamfuta damu machoni, akamfunika uso.

*

Iliundwa tume. Ilifanya kazi miezi miwili na kutoa ripoti safi. Kwa kuwa atendacho kaimu amekitenda Shujaa, ilithibitika kwamba aliyemwua fundi Mbaruku ni marehemu Bwakila, ambaye baadaye, kwa kuzidiwa na mapenzi, alijichoma mwenyewe. Anajengewa sanamu. Sikudhani hakufanya lolote. Kisheria ni kama hakuwepo. Sheria ya Mapenzi ya Heshima imesimamishwa kwa muda kutokana na upungufu wa wanaopenda.

Nikatumwa kumpelekea nakala. Nilifika mchana, wamekaa kwenye jamvi wanakula ugali na dagaa. Mama alikuwa ameukalia mkono wake wa kulia, ameuficha chini ya paja. Nilisimama, nikavua kofia, nikasoma: "Serikali inakuthibitishia kwamba wewe hukumwua mumeo."

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bwana Mbiu, hao walioandika, yupo hata mmoja aliyeushika ule mkuki?"

"Hapana, mama."

"Mimi niliushika. Mbavu zake nilizisikia zikiachia, moja, halafu nyingine. Halafu nikamsikia anapumua, kupitia kwenye mti wa mkuki, ndani ya kiganja changu. Alipumua mara nne." Hakuutoa ule mkono. "Waambie asante."

Niliumia. Sijui kwa nini naona haya kuliandika neno hilo. Nilitaka kumwambia juu ya ile karatasi ya gunia niliyoitilia tiki. Badala yake nikamwambia kwamba kanuni zinataka atie sahihi kuwa amepokea.

"Mpe Siwema. Anajua kuandika."

Siwema, wa miaka saba, alifuta vidole kwenye gauni lake, akachukua kalamu, akaandika jina lake na la baba yake kwa herufi kubwa, bila haraka. Akanirudishia karatasi. Kisha akanawa, akakata tonge, akalitoboa kwa kidole gumba, akachovya kwenye mchuzi, akamgeukia mama yake.

"Mama, fungua mdomo."

Mama akafungua mdomo.